Jicho la Pili la Bi Saleha

Kata iligonga mtungi gizani. Tufaha alisikia, akajua ni mara ya nne. Mkwewe, Bi Saleha, ana kiu tena.

Alfajiri Tufaha alichota majivu jikoni, akayamwaga chooni pale mama alipokojoa. Sisimizi walikuwa wamejaa kama kwenye sukari guru. Yeye na mkwewe walijua, na hawakuwahi kulitaja jambo hilo. Nyumba ya watu wa heshima pale Kanyenye, itasemwaje?

Mwaka uliopita Bi Saleha alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Aliulizwa kama ana ugonjwa mwingine, akasema hana. Aliporudi nyumbani, jamaa walimletea asali, maana Tabora mgonjwa haendewi mikono mitupu. Akairamba asubuhi na jioni. Kidonda kikaoza, jicho likafa. Watu wakalaumu kisu cha daktari. Tufaha akaendelea kumwaga majivu chooni kila alfajiri.

Sasa lilibaki la kushoto, nalo limeingia ukungu. Amne, mjukuu wa miaka mitano, alimshika bibi mkono mpaka hospitali.

Dresa Modest, msaidizi wa daktari, alimwamkia shikamoo, kisha akauliza swali lile lile la ugonjwa mwingine. Bi Saleha akajibu kwamba ni mzima, ila uzee tu.

Tufaha alitazama sakafu. Akisema, atakuwa amemvua mama mkwe nguo mbele ya mwanamume. Asiposema, jicho la mwisho litakwenda.

"Mama, unisamehe," alisema polepole. "Kaka, usiku anakunywa maji sana. Na chooni wanajaa sisimizi."

Bi Saleha alijifunika uso kwa shela. Modest hakucheka. Alichemsha mkojo wa bibi pamoja na dawa ya buluu, ukageuka mwekundu kama tofali. Akaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa sukari, hauletwi na uchafu wala laana. Sukari ikizidi mwilini, mtoto wa jicho huweza kuja mapema. Kidonda nacho huchelewa kupona, na vijidudu hukiingia kwa urahisi.

"Basi nisipasuliwe?" Bi Saleha aliuliza ndani ya shela.

"Utapasuliwa, bibi. Kwanza tushushe sukari. Na asali waachie nyuki wenyewe."

Akadungwa sindano ya kushusha sukari kila siku. Akaacha asali na halua, akala ugali kwa kiasi, na mboga na maharage. Mkojo ulipopimwa mara nyingi na kuonekana mzuri, ndipo akapasuliwa. Kidonda kikafunga. Akapewa miwani minene. Sindano hakuziacha, maana Modest alimwambia ugonjwa huu hautoki, hutunzwa.

Siku moja jirani yao, Josepha, alikuja kumpa pole na kibuyu cha asali. Bi Saleha akamtazama usoni.

"Kumbe umezeeka hivi, Josepha. Mimi nilikuacha msichana."

Josepha akacheka, akamsogezea kibuyu. Bi Saleha akavuta shela usoni. Aibu ya zamani ilimpanda tena, na Tufaha naye akainamisha kichwa.

Amne alikisukuma kibuyu pembeni kwa mikono miwili.

"Bibi yangu ana ugonjwa wa sukari."