Kicheko cha Mama Redioni

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ya akina Tusekile, kijijini Mbebe, iliamka na kazi. Tusekile aliteka maji, akafagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akaingia jikoni kumsaidia mama yake kupukuchua mahindi. Mama yake aliitwa Atupele, mwanamke mchapakazi mwenye maneno matamu. Jirani yao Jenista alikuwa akibeba mahindi yake mwenyewe na kuja kuyapukuchulia pale, kwa sababu alisema kazi haiendi bila hadithi za Atupele.

Siku hiyo mfukoni mwa sketi yake Tusekile alikuwa na kinasa sauti cha Klabu ya Redio ya shule yao. Zamu ilikuwa yake.

Klabu hiyo ilianzishwa na Mwalimu Fortunata baada ya wageni fulani kutoka mjini kupita vijijini na kamera zao. Walipiga picha, wakaondoka, na baadaye watu wakasikia ikitangazwa kwamba wakamwana wa milimani, yaani wanawake walioolewa huko, wanaishi kwa kuwaogopa wakwe zao kama wafungwa. Hakuna hata mkamwana mmoja aliyekuwa ameulizwa. Mwalimu Fortunata, ambaye naye ni mkamwana, alikasirika mpaka akakosa usingizi. Akaenda redio ya jamii ya wilayani, akaomba nafasi, akapewa kipindi kifupi cha kila Jumamosi mchana ili watu wa vijijini wajisemee wenyewe.

"Mtu akituelezea bila kutuuliza, hata akitusifu atakosea," aliwaambia wanafunzi wake. "Kwa hiyo na ninyi, ombeni ruhusa kabla hamjawasha hicho kinasa. Tumeelewana?"

Tusekile alielewa vizuri kabisa. Ila alitaka kipindi chake kiwe kitamu kuliko cha Yonasi, aliyemhoji fundi baiskeli na kusifiwa na shule nzima. Tamaa ya sifa ikamziba masikio.

Basi pale jikoni Jenista akasema, "Mama Tusekile, hebu nisimulie tena ya mfereji."

Tusekile akaingiza mkono mfukoni, akabonyeza.

"We acha tu!" Atupele alianza. "Nilikuwa bibi harusi mpya, nina ndoo ya maji kichwani. Nafika kwenye kona, nasikia 'Ehem! Ehem!' Nikajua ni yeye, mzee wa ng'ambo ya kijito. Nikasema leo nimekwisha! Nikajirusha mferejini, mimi na ndoo yangu."

Akasimama, akaweka mikono nyuma, akatembea kama mzee na kukohoa kikohozi kizito. Jenista alicheka mpaka akashika mbavu. Atupele naye akacheka kicheko kirefu, cha mtu aliye miongoni mwa watu wake.

Mzee wa ng'ambo ya kijito alikuwa baba mkwe wake, Mzee Alinanuswe. Kwa jinsi Atupele alivyolelewa, mkamwana humheshimu baba mkwe kwa kumpisha. Haketi naye, halitaji jina lake, wala hapazi sauti mahali alipo, isipokuwa kanisani anapoimba na wenzake. Wakikutana njiani, hugeuka kando mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Atupele aliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Ndiyo maana hadithi ile ilikuwa ya jikoni, kati ya wanawake wawili walioaminiana.

Jumatatu Mwalimu Fortunata aliisikiliza, akacheka, kisha akauliza, "Mama amekubali itangazwe?"

"Ndiyo, mwalimu," Tusekile alijibu, macho yake yakiwa chini.

Jumamosi iliyofuata Tusekile alimsindikiza mama yake kwenye mashine ya kusaga. Pale redio haizimwi, na siku hiyo ilifunguliwa kwa sauti ya juu kuishinda mashine. Mara mashine ikasimamishwa ili watu wasikilize. "Ehem! Ehem!" redio ilikohoa. Watu wakaangua kicheko. Mtu mmoja akasema, "Huyo si mkamwana wa Mzee Alinanuswe? Ama kweli adabu zimekwisha!"

Atupele alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Akaacha ndoo yake ya mahindi pale pale kwenye foleni, akashika njia ya nyumbani. Tusekile akamfuata nyuma.

Kesho yake mama hakwenda kanisani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya akina mama, sauti ya kutegemewa, na baba mkwe wake alikuwa mzee wa kanisa aketiye mbele. "Nitasimama vipi mbele yake?" alimwambia Jenista aliyekuja kumwita. "Amesikia namwigiza. Bonde zima limesikia. Mimi kwaya basi." Na Jenista, masikini, ndiye aliyekuwa akishukiwa kuipeleka hadithi ile redioni. Mama alimjibu akiwa amemgeuzia mgongo.

Hapo Tusekile hakuweza kuvumilia tena. Alipiga magoti.

"Mama, si Mama Jenista. Ni mimi. Nilikurekodi kwa siri. Na mwalimu nilimdanganya kwamba umekubali."

Atupele alimtazama. Hakumpiga, wala hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Tusekile zaidi. "Nilidhani nyumbani kwangu naweza kucheka," mama alisema. Kisha akamgeukia Jenista, akamshika mkono na kumwomba radhi.

Alasiri Tusekile alivuka kijito peke yake. Yeye, kama mjukuu, hakuzuiwa na desturi yoyote. Kwa babu yake alikuwa wa kutaniwa na kupewa ndizi. Alimkuta Mzee Alinanuswe akigeuza kahawa kwenye vichanja, redio yake ndogo ikining'inia kwenye nguzo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, bibi mdogo. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Tusekile alieleza yote bila kujitetea. "Mama hakujua, babu. Usimchukie. Kosa ni langu."

Mzee aliendelea kugeuza kahawa. "Miaka yote hii mama yako yuko kwetu," alisema hatimaye. "Mboga zake nazila, maana mnaniletea ninyi watoto. Kwenye kwaya namsikia akiimba pamoja na wenzake. Lakini kicheko chake sikuwahi kukisikia. Jana nilikisikiliza mpaka mwisho. Nilifurahi, mjukuu wangu, nisikufiche."

Tusekile akaanza kutabasamu.

"Usitabasamu bado. Mimi kufurahi hakukufutii kosa. Wale wageni wa kamera walituudhi kwa nini?"

"Walitusema bila kutuuliza."

"Na wewe umemfanyia nini mama yako?"

Machozi yalimtoka Tusekile. Babu alimwacha alie kidogo, kisha akamvuta karibu. "Halafu kuna jambo jingine. Hata mimi hukuniuliza. Nani kakwambia nina kikohozi? Kifua changu ni kizima tangu ujana! Njia ile ina kona mbaya, na mama yako alikuwa mgeni, ana maji kichwani. Nilikuwa nakohoa makusudi, asikie mapema, apishe taratibu bila kuhangaika. Sikujua kumbe anaishia mferejini!"

Mzee alicheka mpaka akashikilia kichanja asianguke.

Tusekile alirudi mbio, akamweleza mama yake neno kwa neno. Atupele alifunika mdomo kwa mkono.

"Kumbe alikuwa ananikoholea mimi? Na mimi nilidhani ananikasirikia!" Alicheka, na machozi yakamlengalenga. Kisha akanyanyua kichwa. "Mwambie mwalimu wako aje. Nitasema mwenyewe, na nitasema ninachotaka mimi."

Mwalimu Fortunata alikuja Jumatatu. Kwanza alimwomba Atupele radhi, kwa kuwa alipaswa kumuuliza mwenyewe badala ya kutegemea neno la mtoto. Kisha akamgeukia Tusekile na kumwambia kwamba hatashika kinasa mpaka awe ameomba radhi kwa sauti yake redioni. Walirekodi. Atupele akasikilizishwa, akaagiza sentensi moja ifutwe, ikafutwa. Halafu akamtuma Tusekile ampeleke mwalimu na kinasa chake ng'ambo ya kijito, ili babu naye asikie kabla ya bonde zima kusikia, na aseme upande wake akipenda. Alipenda sana.

Jumamosi mashine ya kusaga ilisimamishwa tena. Tusekile aliomba radhi. Babu akaeleza habari za kifua chake kizima, watu wakavunjika mbavu. Kisha ikaja sauti ya Atupele, tulivu:

"Kuna waliosema tunawaogopa wakwe zetu. Mimi simwogopi baba mkwe wangu, namheshimu. Kumpisha njia ni namna yangu ya kumsalimia. Na sasa nimejua kwamba kukohoa ni namna yake ya kunisalimia mimi."

Yule aliyesema adabu zimekwisha alijishughulisha ghafla na kufunga gunia lake. Kesho yake kanisani Atupele alisimama mahali pake kwenye kwaya, akaimba.

Jioni, wakimenya viazi, alimwambia binti yake, "Tusekile, umefanya vizuri kusema kweli, ingawa ulichelewa. Shika neno hili. Sauti ya mtu ni mali yake. Ukiitaka, mwombe. Akikubali, msikilizishe kabla hujaitangaza. Akikataa, mwache, hata kama ni mama yako na unampenda. Ukitaka wengine watuheshimu, anza wewe kutuheshimu hapa ndani."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Nilishakusamehe, mwanangu."

Jenista akaingia na kigoda chake, na haikuchukua muda Atupele akaanza kusimulia habari za mbuzi aliyeingia kwenye harusi. Ilikuwa tamu kuliko ile ya mfereji. Tusekile alicheka mpaka kiazi kikamponyoka.

"Mama, hii naomba niirekodi."

"Hapana," alisema Atupele. "Hii ni yetu."

"Sawa, mama," Tusekile alijibu, akasogeza kigoda chake karibu ili asikie vizuri zaidi.