Zamu Isiyochezwa

Jiwe lilikuwa limeongezeka. Mtu mwingine angelipita akitafuta viatu vyake, lakini mwanamke huyu kazi yake ilikuwa kutazama mawe, na jana alipozima taa ya sebuleni, kona ile ya ubao ilikuwa tupu. Asubuhi hii pamekaa jiwe jeusi, na ubavuni mwake jeupe limelibana.

Kazini walimwita Mtihani. Kampuni yao ndogo ilitengeneza programu ya kompyuta inayocheza Go, ule mchezo wa ubao wa mistari ambao mweusi na mweupe huweka mawe kwa zamu, na jiwe likizibwa pande zake zote nne huondolewa. Sheria za mtoto mdogo, mchezo wa kuzeesha watu wazima. Kazi yake ilikuwa kuitegea programu hiyo mitego: kuipa mikao migumu na kona zenye utata, aone itateleza wapi. Na iliteleza. Kipara, aliyeiandika, kijana aliyenyoa kichwa kabla nywele hazijamkimbia, hakupenda kabisa kuambiwa.

"Programu yako ina pupa," Mtihani alikuwa akimwambia kila wiki. "Kuna mikao ya kutegeana. Wewe na adui mmebanana, anayeanza ndiye anayekufa. Hapo mwenye akili anapisha zamu, anatulia. Yako inajitosa tu!"

"Wote wakipisha si mchezo umekwisha?"

"Umekwisha, mnahesabu pointi. Ndiyo sheria."

"Nitaitengeneza, dada. Usinimeze mzimamzima."

Ubao wenyewe aliupata kwa muuza samani za mitumba alipokwenda kununua viti vya mezani. Alivichagua vitano, na yule muuzaji akamsukumia ubao juu yake kama nyongeza, tena kwa haraka, kama mtu anayeondoa uchafu mlangoni. Mawe yalikuwa yameganda juu yake, mchezo haujaisha, na hata ulipogeuzwa hayakudondoka.

"Mwenyewe amefariki," alisema muuzaji. "Watoto wake wanasema hakuruhusu mtu auguse. Hakucheza, hakuufuta. Miaka yote alikaa mbele yake anautazama."

Mtihani hata hakusikia vizuri. Macho yake yalikuwa yameshaiona ile kona, mkao mgumu kuliko wote aliowahi kuutunga yeye mwenyewe, na furaha ikamjaa kifuani. Jioni ileile alinakili mawe yote kwenye kompyuta yake, akaiambia programu: zamu ya mweusi, cheza. Programu ikacheza kwenye kona. Akacheka, akaliandika kosa hilo, akalala.

Na sasa jiwe lile la kwenye kompyuta lilikuwa juu ya ubao wa mti, nalo limejibiwa.

"Mama, umegusa ubao wangu?" alimuuliza mama yake, aliyekuwa akimimina chai.

"Mimi? Nina kazi gani na kokoto zako?"

Binti yake mdogo, waliyemwita Kidoti kwa alama ya shavuni, alikuwa amejikunja upande mmoja wa kiti chake, mabega juu. "Mama, mwambie asogee."

"Nani asogee?"

"Huyu." Alionyesha kwa kidevu kiti kilichokuwa kushotoni kwake. Kilikuwa kitupu. Kilinuka udongo uliomwagiwa maji.

Hapa ndipo angetulia, na hadithi ingekuwa fupi. Lakini watu wa kazi ile wana kilema kimoja: ukiwapa jibu zuri, hawaulizi nani amejibu. Na jibu la jiwe jeupe lilikuwa zuri kupita kiasi. Mtihani aliliingiza kwenye kompyuta, akairuhusu programu iendelee, halafu akaenda kuosha vyombo akijiambia kwamba mama yake anazeeka na mtoto ana michezo yake.

Alisikia akiwa na povu mikononi. Tak. Kisha tena, tak. Sauti ya jiwe likiwekwa juu ya mti na mtu asiye na haraka.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Palikuwa na mawe mawili mapya, na Kidoti amesimama katikati ya zulia mikono imebana mbavuni, kama aliye kwenye foleni ya watu wengi.

"Wamekuwa wawili," alinong'ona. "Huku na huku."

"Wanakufanya nini, mwanangu?"

"Hawafanyi kitu. Wananikalia karibu tu."

Mtihani alimbeba, akamlaza kitandani, akamfunika. Kichwa chake cha kazi kilikataa kushindwa. Lazima kuna hila, alisema, na hila hujaribiwa. Alirudi sebuleni mchana ule wa jua kali, akafungua mapazia yote, akafunga mlango kwa ufunguo, akaweka kompyuta mapajani na ubao mbele ya magoti yake, akaingiza jibu la pili, akabonyeza. Programu ilicheza. Aliinua macho taratibu, na jiwe jeusi lilikuwa limeshafika mahali pake bila kupita njiani, na wakati bado anajiuliza limetoka wapi, harufu ile ya udongo ilimjaa puani na mdomoni, vumbi lililokuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha likaachana katikati kama linalompisha mtu anayeinama, na jiwe jeupe likashuka, si kwa kudondoka bali kwa kuteremshwa, likatulia juu ya makutano ya mistari, likasukumwa kidogo ili likae sawasawa, kama wafanyavyo wachezaji nadhifu.

Tak.

"Mama!" Kidoti alilia chumbani. "Wa tatu amekaa miguuni!"

Mtoto hakuweza tena kuinuka. Alilala amenyooka, na kila walipojaribu kumvuta alisema wanamgonganisha na watu. Upande uliobaki wazi ulikuwa wa kichwani tu, na huko ndiko bibi yake alikopitishia mkono kumlisha uji. Mtihani aliishia mlangoni, maana sasa alikuwa ameelewa, na hakuna aliyeelewa sheria ile kuliko yeye. Pande tatu zimezibwa. Ya nne ikizibwa, mtoto anaondolewa.

Walimwita mganga, mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye hakuja na vishindo. Alivua viatu, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye ubao, akakaa mbali nao kidogo.

"Nani alicheza kwanza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kompyuta. Lakini mimi ndiye niliyeiamuru."

"Basi ni wewe. Huyu si mwizi, mwanangu. Ni jini la adabu. Halichezi zamu isiyo yake. Yule mzee wa ubao mliyenisimulia aliligundua hilo, akaishikilia zamu yake mpaka kufa. Wewe umempokonya maiti zamu yake ukaicheza."

"Lifukuze, mama. Nakuomba."

"Siwezi kulifukuza. Lina haki, haki uliyolipatia wewe mwenyewe." Mganga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sasa hivi zamu ya nani?"

"Yangu."

"Basi cheza vizuri. Ukimaliza, usicheze tena maisha yako yote."

Aliuliza kompyuta kwanza, kwa mazoea. Kompyuta ilimshauri ajitose konani aue. Pupa ileile. Aliifunga kompyuta, akakaa mbele ya ubao mpaka magoti yakafa ganzi. Mwisho alishika jiwe jeusi kwa mkono wake mwenyewe, akaliweka si pa kuua bali pa kubanana. Kati yake na mweupe zikabaki nafasi mbili tupu. Atakayeingia mojawapo ya hizo, amekwisha. Kutegeana.

Walingoja wote watatu, yeye, mganga na mama yake. Hakuna kilichoshuka. Baada ya muda mrefu jiwe moja jeupe lilitokea pembeni, ukingoni mwa ubao, nje ya mistari.

"Maana yake nini hiyo?" aliuliza mganga.

"Limepisha," alisema Mtihani. "Zamu imerudi kwangu."

"Na wewe ukipisha?"

Mtihani alikuwa ameshahesabu. "Mchezo unakwisha. Mweupe anashinda kwa nusu pointi. Huongezewa pointi kadhaa na nusu kwa kuwa mweusi ndiye anayeanza."

"Basi usicheze, usipishe. Kaa nayo."

Chumbani Kidoti aliita akitaka maji, na alipoletewa alikuwa ameketi. "Wamerudi nyuma," alisema. "Wananitazama tu."

Ubao waliufungia stoo, pamoja na vile viti vitano, maana Mtihani hakutaka tena kiti kitupu karibu na mwanawe. Walikula mkekani. Alifuta mkao ule, ambao kwa mazoea alikuwa ameunakili wote hadi mweupe alipopisha, kwenye kompyuta yake na ya kazini, na Kipara alipouliza sababu alimwambia ni wa nuksi, akacheka yule kijana mpaka akashika mbavu. Mvua zilikuja zikaisha. Kidoti alirudi shule, akang'oka meno, akagombana na wenzake kama watoto wengine. Siku nyingine aligeuka ghafla kutazama nyuma yake, kisha akaendelea kucheza, na mama yake hakuuliza.

Mpaka mchana ule ambao Kipara alimfuata mezani kwake, uso wote meno.

"Dada, leo utanipongeza. Nimeiponya pupa!"

"Kweli?" Alifurahi kwa dhati. Alikuwa amemsumbua mno kwa jambo hilo.

"Nilitafuta mkao mgumu kuliko wote wa kuijaribia. Ule wako wa nuksi nilikuwa na nakala. Uliuacha mweupe amepisha, unakumbuka? Nikaiambia programu, haya, zamu yako. Unajua ilifanya nini? Haikujitosa! Ilitulia, ikapisha, kama ulivyokuwa ukinifundisha."

Mtihani alianza kupekua mkoba wake kutafuta simu.

"Ikahesabu yenyewe, vizuri kabisa. Mweupe kwa nusu pointi. Dada? Dada, vipi?"

Simu ilikuwa imeshafika sikioni mwake. Ililia mara nyingi kabla mama yake hajapokea.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Si anakula hapo sebuleni. Nimekuja jikoni kumchukulia maji. Mbona unahema?"

"Rudi kwake. Mshike. Mama, mshike!"

Alisikia kandambili za mama yake zikiburuzika kwenye sakafu, mlango ukifunguliwa, kisha, mbali, sauti moja kavu ya jiwe juu ya mti.

"Mwanangu," alinong'ona mama yake, "nani amevitoa vile viti stoo? Vinne vimekizunguka kimoja, vimekibana kila upande." Viti vilikwaruza sakafu akivisogeza. "Hiki cha katikati bado kina joto."