Nilidhani Unabipu

Jua lilikuwa linazama Mwera pale Bi Mize alipobisha hodi zahanati, simu ya marehemu bintiye kaifunga kwenye pindo la kanga. Kilichomleta kilikuwa cha dakika mbili tu: aitoe hiyo simu, kisha awahi magharibi nyumbani kwa mkwewe, Mbarouk.

Ilikuwa mwaka 2003. Kampuni za simu ziligombania wateja mpaka vijijini, na wenye nazo wakaanza kubadilisha simu ovyo, hata ya jana ikaitwa kuukuu. Nesi Dorkasi, binti wa Kilutheri aliyeshuka kutoka Amani, hakupenda kuona simu nzima zikiozea kabatini au kutumbukizwa chooni. Alizikusanya akawapa wakunga wa vijiji vya ndani, ili mwanamke akishikwa na uchungu gari la wagonjwa liitwe mapema kutoka Pangani. Ya leo ilikuwa zamu ya mkunga Ruthi, ambaye bado alikuwa akituma mtu kwa baiskeli.

"Shikamoo mama. Pole tena na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa."

Hakuwa amepoa hata kidogo. Arobaini ilikuwa imepita, nguo za bintiye Tuhfa zimegawiwa zote, na moyo wake ulikuwa unauma kama siku ya kwanza.

Dorkasi akachomoa laini, akamrudishia mkononi. Akatoa na betri. Ilikuwa imevimba, akailaza kwenye kopo la mchanga pamoja na nyingine zilizosubiri kupelekwa Tanga mjini, maana betri ikitupwa shambani sumu yake hurudi kwa watu. Simu ikabaki mezani, mgongo wazi, haina kitu ndani.

"Kesho nitaitia betri nzima, nifute majina, niipeleke kwa Ruthi. Umeridhika lakini, mama?"

Mize akaifumbata laini kiganjani.

"Nesi, kuna neno sijamwambia mtu. Mie nakaa Muheza, yeye kaolewa huku. Basi kila baada ya isha alikuwa akinibipu. Mara moja tu. Maana yake, mama, mie na mimba yangu tu salama. Na bipu haipokelewi, ukipokea umemlia mwenzio vocha. Siku ile simu ikalia... ikalia... haikomi. N'kasema, huyu kasahau kukata, vocha yake itakwisha. N'kamkatia mie."

Akakinyanyua kidole gumba, akakitazama.

"Kwa hiki. Asubuhi nikaletewa habari kwamba kafa yeye na mtoto tumboni."

Dorkasi akafungua mdomo amliwaze.

Simu ikalia.

Mlio mmoja. Kisha kimya...

Mwenye kusema simu ni chuma tu, na aseme. Betri ilikuwa kwenye mchanga. Laini ilikuwa kiganjani mwa Mize. Na harufu ya dawa iliyojaa chumbani ikaondoka, ikaja nyingine, ya baridi.

Karafuu maiti.

"Usiiguse, mama," Dorkasi akanong'ona. "Magharibi hii. Anayekuita mara moja haitikiwi."

Ikalia tena... na tena... na tena.

"Hii si bipu," Mize akasema. Akapokea.

Kwanza upepo. Halafu pumzi za mtu aliyebana meno, hata Dorkasi akazisikia.

"Mama... usikate."

Akakaa sakafuni.

"Sikati, mwanangu. Nilidhani unabipu. Nisamehe."

"Uchungu umenishika, mama. Mbarouk yuko Tanga na mzigo wa nazi. Niko peke yangu. Damu... nyingi."

Tuhfa hakujua kwamba amekufa. Huko aliko, usiku ulikuwa uleule.

Mize akamgeukia Dorkasi. "Liite gari, nesi. Upesi."

"Mama," Dorkasi akasema huku analia, "Tuhfa tumeshamzika."

Mize alijua. Alimwosha kwa mikono yake. Lakini mama gani amwambie mwanawe neno hilo?

"Gari linakuja, mwanangu. Nesi yumo ndani."

"Linakuja kweli?"

"Linakuja."

Tuhfa akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi natoka barabarani, lisije likanipita."

"Usitoke. Lala hapohapo, Tuhfa. Tuhfa..."

Bawaba za mlango zikalia ndani ya simu. Nyayo zikaburuzika kwenye changarawe... zikaenda... zikafifia.

Kisha hakuna kitu.

Dorkasi akawasha kandili.

"Ndiyo maana," akasema polepole, kama anayezungumza na nafsi yake. "Asubuhi ile sote tulijiuliza kwa nini alijiburuza mpaka barabarani. Angebaki kitandani, pengine damu ingesimama, tungemwahi. Tulimkuta amekaa ukingoni, uso kauelekeza Pangani, kama anayengoja gari."

Akajiziba mdomo, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Si yeye, mama. Ni mashetani hayo, huiba sauti za watu."

"Yawezekana," Mize akasema. Hakuwa na nguvu ya kubisha. Awe shetani, awe mwana, uongo alikwisha kumwambia, na Tuhfa alikwisha kuuamini.

Dorkasi akaisukuma simu kwake. "Ichukue. Hii siwezi kumpa Ruthi."

Mize akairudisha.

"Mpe. Wanawake wa kule watapiga, na lazima awepo wa kupokea. Ila mwambie..." Akakificha kidole gumba ngumini. "Mwambie akisema gari linakuja, liwe linakuja."

Akajifunga kanga, akatoka. Dorkasi akakata kipande cha plasta, akaandika jina la Ruthi, akakibandika nyuma ya simu. Ilikuwa bado ya moto.