Filamu ya Ndiva

Kila Jumamosi Asteria alimsaidia mama yake kupanga tangawizi kwenye meza yao sokoni Same. Kazi ikipungua, alifungua simu ya mama. Wiki moja simu ilikuwa na filamu ya mjomba wake, Gideoni. Aliirekodi kijijini kwao milimani, na ilihusu ndugu wawili waliogombea maji ya ndiva, lile bwawa dogo la Wapare la kumwagilia mashamba.

Filamu iliuzwa mtandaoni. Aliyelipa ndiye aliyeipakua. Asteria alipewa bure na mjomba.

"Nirushie na mimi," Mwamvita, rafiki yake, alimwomba.

Asteria akamrushia. Mwamvita naye akamrushia Yunus, mwanafunzi mwenzao, na baada ya siku chache darasa zima lilikuwa likimwigiza yule ndugu mchoyo. "Usiguse maji yangu!" walipiga kelele uwanjani, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Jumamosi iliyofuata watoto hao watatu walikuwa mezani pa mama Asteria mjomba alipopita na begi la kamera.

"Shikamoo, mjomba. Unakwenda kupiga picha?"

"Marahaba, mama. Nakwenda kuiuza kamera. Barabarani watu wananisifu, lakini walionunua ni wachache mno. Filamu ya pili haitawezekana."

Asteria aliweka chini tangawizi aliyoshika. "Mjomba, nisamehe. Mimi ndiye niliyeisambaza."

"Lakini filamu si tangawizi!" Yunus alidakia. "Ukinipa tangawizi, yako imekwenda. Filamu ukinirushia, yako bado ipo. Nilipie nini?"

"Na baba anasema keshalipia bando," Mwamvita aliongeza. "Alipie tena kitu asichoweza hata kukishika?"

Mjomba hakukasirika. "Asanteni kwa kusema kweli. Yunus, babu yako akifungulia maji ya ndiva, hulipa?"

"Halipi. Ila msaragambo wa kijiji ukiitwa, lazima aende na wenzake kuzoa tope bwawani."

"Asipokwenda, maji ya siku hiyo yatapungua?"

Yunus alikuna kichwa. "Hapana. Lakini wote wasipokwenda, mwakani ndiva itajaa tope." "Aa! Kumbe sisi ndio hatukwenda msaragambo."

Asteria alikuwa bado akiwaza. "Mjomba, wengi hawana bando la kupakulia. Iweke kwa Salimu pale stendi. Watu wamezoea kumlipa awawekee filamu kwenye flashi, naye atakupa fungu lako."

Mjomba alisita, kisha akalitundika begi la kamera begani, akaelekea kwa Salimu badala ya kwenda kuiuza.

Jioni hiyo watoto waliwaeleza wazazi wao kwa nini mjomba alitaka kuuza kamera. "Nilipie nilichokwisha kutazama?" baba yake Yunus aliuliza, akicheka. Hata hivyo kesho yake alikwenda kwa Salimu kulipia, akafuatana na majirani. Wengine hawakwenda kabisa, lakini waliokwenda walitosha kugharimia filamu ya pili.

Mungu ni mwema. Baada ya mavuno mjomba alipanda milimani na kamera yake ileile. Katika filamu hiyo mpya Yunus alipewa nafasi ya kuigiza mzoa tope wa ndiva, akatoka mweusi mpaka masikioni. "Hata kwenye filamu sikwepi msaragambo tena!" alisema.

Usiku, kabla ya kula, mama Asteria alimshukuru Mungu kwa kazi ya kaka yake. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kumsifu mtu ni vizuri, mwanangu. Lakini kazi yake ikikufurahisha, mpe na haki yake, ili apate nguvu ya kukufurahisha tena."

"Amina," Asteria alijibu, akavuta sahani yake.