Hapana ya Kwanza

Ijumaa jioni, stesheni ya Heuston mjini Dublin haina adabu. Watu wanakimbilia treni, masanduku yanagonga visigino, na kila mmoja anaomba radhi bila kusimama. Katikati ya msukosuko huo Dervla Tierney, dereva wa tramu aliyekuwa ametoka zamu na koti lake la buluu bado mwilini, alimwona kambakoche akitembea kwa madaha kuelekea jukwaa namba nne. Nyuma yake alikuja mwanamume mrefu, masikio mekundu, amekumbatia sanduku lililopasuka chini. Dervla akavua kofia yake ya kazi na kumfunika mtoro.

"Nishikie, tafadhali," mwanamume alihema. "Huyu ni chakula cha kesho."

"Hizo koleo zake nimeziona. Mshike mwenyewe, mimi nimeshatoa kofia."

Aliitwa Fintan Looby, mpishi wa michuzi katika Kasri la Kilbrannock huko Tipperary, ngome ya mawe ya miaka mia sita iliyogeuzwa hoteli. Watu hutoka mbali kwenda kula huko, kulala ni nyongeza tu. Gari la muuza samaki lilikuwa limeharibika, ndiyo maana alikuja kuuchukua mzigo mwenyewe. Treni yake ilipoondoka, Dervla alibaki na namba ya simu na kofia inayonuka bahari.

Basi simu zikaanza. Fintan alipiga kila siku saa tisa alasiri, kati ya chakula cha mchana na cha jioni, Dervla akiwa na kikombe chake cha chai kwenye depo ya tramu. Fintan alimwita "nahodha wangu", naye akaitwa "Bwana Mchuzi". Jumapili zake za mapumziko alikuja Dublin, wakatembea kandokando ya mfereji wakila chipsi zenye siki, maana mpishi wa matajiri alikuwa mlafi wa chipsi. Dervla alimpenda mapema kuliko alivyokiri.

Mwezi wa nane, Jumatano moja, simu ililia asubuhi, saa isiyo yake.

"Dervla, mpenzi," Fintan alisema kwa haraka, "tuoane basi."

Moyo ulimruka. Lakini mdomo wake, uliolelewa na mama yake, Assumpta Tierney, ulijibu wenyewe: "Ah, hapana, usijisumbue."

Kwao Dervla, mtu akikaribishwa chai hukataa. Akisihiwa hukataa tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu ndipo anapokubali, na birika limeshachemka zamani. Kukubali mara moja ni uroho. Kwa hiyo alikaa akiitabasamia simu, akingoja kuulizwa tena. Upande wa pili Fintan akasema kwa upole mwingi kwamba ameelewa, akamtakia kazi njema, akakata. Alikuwa mtoto wa Tipperary, lakini alikuwa ameishi miaka tisa katika majiko ya Wafaransa huko Lyon, ambako ukisema hapana sufuria inaepuliwa motoni.

Dervla hakupiga. Utapigaje simu kuomba ubembelezwe? Fintan naye hakupiga, kwani aliyekataliwa ana haya zake. Wiki ya tatu uliingia ujumbe mfupi: anarudi Lyon Jumanne, amepata kazi, nahodha awe salama. Dervla alilia deponi mpaka wanja ukamchafua.

Sasa, mama yake alikuwa anatimiza miaka sabini, na ndugu za Dervla walikuwa wameshamwekea chumba Kilbrannock siku nyingi, Dervla amsindikize. Walifika Jumamosi, siku tatu kabla ya safari ya Fintan. Chumba kilikuwa mnarani, kitanda chake cha kupandwa kwa ngazi. Mama Assumpta alifungua kila kabati, akasema mapazia yale yangeivisha parokia nzima. Alivaa gauni la kijani na lulu zake. Dervla alivaa gauni la rangi ya zabibu, akaapa hakulinunua kwa ajili ya mtu yeyote.

Ukumbi wa chakula ulikuwa wa mawe matupu, mishumaa inawaka na jua bado liko madirishani. Wahudumu wa pale wana kanuni yao: mgeni anaulizwa mara moja, jibu lake linaheshimiwa. Mkate wa moto ulipoletwa, Mama alisema, "Ah, hapana, mwanangu, usijisumbue," akatabasamu akingoja. Mhudumu akainama, akaondoka na kikapu. Bata alikuja. Mama akaukataa mchuzi kwa adabu, mchuzi nao ukaenda zake. Kigari cha jibini kilipopita, alikisindikiza kwa macho kama mtu aliyeachwa na basi.

"Watu gani hawa?" alinong'ona, na alikuwa ameumia kweli. "Wanauliza mara moja tu. Nina njaa, Dervla, na leo ni siku yangu."

"Si umesema hapana, Mama?"

"Hiyo ni ya kuanzia. Kila mtu anajua."

Dervla aliweka uma chini. Wiki tatu alikuwa amemkasirikia Fintan kwa kutomsihi, na hata siku moja hakuwaza kwamba mwenzake aliliamini tu neno lake. Aibu ilimshika. Alimwagiza mhudumu amletee mama yake kila alichokikataa, bila kumuuliza, kisha akasukuma mlango wa jikoni.

Joto na harufu ya siagi vilimpokea. Wapishi wote wakageuka. Fintan alikuwa mbele ya sufuria yake, amekonda.

"Ile hapana yangu haikuwa hapana," Dervla alisema. "Ilikuwa ya kwanza. Nilingoja uniulize tena."

"Tena? Ile moja tu ilinichukua miezi minane. Nilijifungia stoo ya unga ili niiseme. Nilidhani umenidharau."

"Nilikuwa natabasamu, Fintan. Hukuniona tu."

"Jumanne naondoka."

"Najua. Sina muda wa kusihiwa. Nakupenda, na sitaki uende. Tuoane."

Jiko zima lilimtazama Fintan. Karibu wote walikuwa watu wa Tipperary, na walijua adabu inataka nini: akatae kidogo kwanza, atazame chini, aseme hastahili.

Fintan alizima moto.

"Ndiyo," alisema.

Mwosha vyombo mzee kuliko wote, mwanamke aliyemjua mama yake Fintan tangu shule, alitikisa kichwa kwa aibu juu ya malezi hayo, halafu akawa wa kwanza kupiga makofi.