Ruta ya Nne

Siku ilianza kama siku nyingine yoyote hospitalini. Foleni ilifika mlangoni, mfagiaji alikuwa akigombana na ndoo yake, na fundi wa mtandao, aliyerithi kazi hiyo kwa marehemu baba yake, alikuwa hajamaliza chai. Ndipo dada yake, muuguzi wa wodi ya wanaume, alipoingia chumba cha mitambo macho yakiwa mekundu.

"Kaka, wanasema nimemchoma maiti sindano."

Akamwekea karatasi mezani. Daktari, kwa saa yake ya mkononi, aliandika kuwa mgonjwa wa kitanda cha sita alikata roho jana saa nne na nusu asubuhi. Kompyuta ya wodi ilisema sindano ilichomwa saa tano kasoro dakika kumi.

"Ulimchoma saa ngapi?"

"Saa nne na dakika tatu. Nilitazama saa ya ukutani. Kikao ni saa nane leo. Wakiniona mwongo, leseni yangu imekwenda na maji."

Fundi alipiga meza ngumi, chai ikamwagika. Mbaya wake alimjua. Mwezi uliopita meneja aliamuru ruta ya zamani ya marehemu baba wa fundi, mtambo wa kusambaza mtandao uliozipa saa ruta nyingine tatu na, kupitia hizo, kompyuta za wodi, ing'olewe, na mahali pake akaleta kisanduku cha saa cha dukani. Fundi akapanda ngazi mbili mbili hadi ofisini kwake.

"Kisanduku chako kinadanganya!"

"Punguza sauti, bwana mdogo. Saa ni saa. Hata ya dukani inatembea."

"Inatembea, ila haijui inakokwenda!"

"Na wewe si ulisema umeweka ufunguo wa siri? Kwamba ruta hazitamsikiliza asiyeujua?"

Fundi alishuka, akafungua mipangilio ya ruta ya kwanza. Ufunguo ulikuwapo. Akasoma tena, na masikio yakamwaka moto. Ufunguo aliuandika, lakini mstari wa kuziamuru ruta ziudai kabla ya kuamini saa ya yeyote, huo hakuuandika. Ilikuwa sawa na kununua kufuli na kuliacha likining'inia wazi. Kisanduku kiliingia bila kuulizwa, kikazipotosha ruta zote tatu.

Baba yake, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Nukta, asingesahau mstari huo hata akiwa na homa.

Kabla hajagusa kitufe, kitu kiligonga chuma nyuma yake. Mara tatu. Taratibu. Hivyo ndivyo marehemu alivyogonga kwa kifundo cha kidole kila mwanawe alipokosea.

"Kaka," dada yake alinong'ona mlangoni, "umesikia?"

"Nyamaza."

Kwenye kioo cha kompyuta, orodha ya vyanzo vya saa ilikuwa na jina moja zaidi. Ruta ya nne. Ruta ya baba yao. Ilikuwa juu ya rafu, vumbi limeifunika, waya wake wa umeme umeviringishwa na kufungwa kwa kamba. Ilikuwa ikitoa saa. Saa sahihi.

"Nani anacheza na mimi?" Fundi alifoka. Akaandika ufunguo mpya kwenye ruta zote tatu, herufi alizozibuni papo hapo. Hakuzitamka.

Ruta ya nne ikajibu kwa ufunguo huo huo.

Akabadilisha tena. Ikajibu tena.

Kisha mstari aliousahau ukajiandika. Herufi moja baada ya nyingine. Mikono yake ilikuwa mapajani. Kisanduku cha meneja kikakataliwa. Ruta zote tatu zikarudi nyuma dakika arobaini na saba, na kumbukumbu ya mtambo ikaandika tofauti hiyo waziwazi.

Dada yake aliigusa ruta ya rafuni. Akauondoa mkono haraka.

"Ina joto," alisema.

Saa nane karatasi ya kumbukumbu ilipita mkono kwa mkono. Ukitoa dakika zile, sindano ilichomwa saa nne na dakika tatu. Muuguzi akarudishiwa wodi yake. Meneja alisoma hadi mwisho, akafuta jasho.

"Hapa pameandikwa aliyerekebisha mipangilio. Jina hili ni la baba yako. Nililifuta mwenyewe kwenye mtambo mwaka jana, tulipotoka kuzika."



Usiku huo fundi alibuni ufunguo mwingine. Hakuuandika popote, aliubeba kichwani. Asubuhi alifungua chumba cha mitambo, peke yake, kwa funguo zake. Juu ya ruta ya nne, kwenye vumbi, kidole kilikuwa kimeuandika ufunguo ule, herufi kwa herufi. Chini yake, kwa mwandiko wa kulala wa baba yake, aliokaripiwa nao tangu utotoni, palikuwa na maneno mawili:

"Mfupi mno."