Muziki Usio na Maneno

Haya yalimpata rafiki yangu Mayige, mfugaji wa Nkololo. Filamu zenyewe zilimchosha, lakini muziki wa filamu aliupenda mno, zile fidla na ngoma zisizo na maneno. "Picha zinaniharibia utamu," alikuwa akisema.

Jioni moja mkewe, Milembe, alimtuma aende sokoni Ngulyati akanunue dawa ya kupe. Mayige akavaa spika za masikioni, akafungulia muziki, akapanda baiskeli. Wingu la mvua lilikuwa limetanda, na njia ilishakuwa giza kabla jua halijazama. Alipopita kisima cha zamani kilichoachwa wazi, akasikia katikati ya fidla sauti nyembamba ya mtoto ikiita, "Baba! Baba!" Akadhani ni muziki, akaongeza sauti.

Aliporudi na dawa yake, alikuta watu wamejaa pale kisimani. Binti yake Minza alikuwa amelazwa juu ya kanga, maji yakimtoka puani, amekufa.

"Alikukimbilia!" Milembe alimpigia kelele. "Waliokuwa shambani wote wamemsikia akikuita!"

Baada ya maziko, Mayige aliufungulia muziki ule mbele ya mkewe na mbele yangu, bila spika za masikioni. Fidla zikalia kwa muda mrefu. Kisha tukamsikia Minza, "Baba! Baba!" Milembe akaziba mdomo kwa viganja.

Ndipo mtu akamjibu mtoto, kwa upole, bila haraka: "Ruka tu, mwanangu. Nitakudaka."

Ilikuwa sauti ya Mayige.